Jinsi ya Kupata Nafasi ya Uzamivu Yenye Ufadhili Katika Uzalishaji wa Feleji Isiyochafua Hewa

Kila mwaka dunia inazalisha takriban tani bilioni 1.9 za feleji, yaani chuma kile cha nondo, reli, mabati na bodi za magari. Kazi hiyo peke yake inatoa asilimia 7 hadi 9 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu. Ndiyo maana viwanda, serikali na vyuo vikuu vinawalipa watu wasome uzamivu katika eneo hili. Ada inalipwa, posho ya kujikimu inatolewa, na mara nyingi kuna fungu la vifaa na safari.

Ushindani ni mkubwa, lakini maombi mengi yana udhaifu mmoja: yanazungumzia mazingira na akili mnemba kwa ujumla, bila kuonyesha kwamba mwombaji anajua tatizo liko kwenye chombo gani cha kiwanda. Msimamizi anayesoma maombi hamsini anamtafuta mtu aliyeshika swali moja dogo akalielewa. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inalenga kukufikisha kwenye swali hilo.

Anza na kiwanda, si na tangazo

Kabla hujatafuta nafasi, hakikisha unaweza kuchora kwenye karatasi moja njia ya chuma kuanzia jiwe hadi bamba, na kuweka joto la kila hatua.

Njia ya kwanza ni ya makaa. Mawe ya chuma na makaa ya koki huingia juu ya tanuru refu, hewa moto hupulizwa kwa chini, na chuma kilichoyeyuka hutoka kikiwa na joto la karibu nyuzi 1,500 na kaboni ya zaidi ya asilimia 4. Baadaye oksijeni hupulizwa ndani yake ili kuichoma kaboni hiyo. Tani moja ya feleji ya njia hii huacha zaidi ya tani 2 za kaboni dioksidi. Makaa hayapo pale kwa ajili ya moto tu. Kaboni yake ndiyo inayoing'oa oksijeni kwenye jiwe, na ndiyo maana huwezi kulisafisha tanuru hili kwa kubadilisha chanzo cha joto peke yake. Ukilieleza jambo hilo sawasawa kwenye usaili, umeshawaacha nyuma wengi.

Njia ya pili ni tanuru la umeme linaloyeyusha chuma chakavu. Hutumia takriban kilowati-saa 400 kwa tani, na hewa chafu yake inategemea sana umeme umetoka wapi. Ya tatu ni chuma sponji: vidonge vya mawe ya chuma huondolewa oksijeni vikiwa bado vigumu, kwenye nyuzi 800 hadi 1,000, kwa gesi asilia au kwa haidrojeni, kisha huyeyushwa kwenye tanuru la umeme. Mradi wa HYBRIT wa kampuni za SSAB, LKAB na Vattenfall huko Luleå, Uswidi, ulitoa chuma sponji cha haidrojeni mwaka 2021. Kuna pia wanaoyeyusha mawe ya chuma na kuyapitishia umeme moja kwa moja, kama Boston Metal ya Marekani.

Sasa fanya hesabu hii mwenyewe, kwa kalamu. Kutoa oksijeni kwenye Fe₂O₃, yaani oksidi ya chuma iliyo kwenye jiwe, kwa haidrojeni kunahitaji molekuli 3 za haidrojeni kwa kila atomu 2 za chuma. Molekuli 3 za haidrojeni zina uzito wa 6.05, atomu 2 za chuma 111.7. Kwa hiyo tani moja ya chuma inahitaji angalau kilo 54 za haidrojeni. Mashine za kupasua maji kwa umeme hutumia takriban kilowati-saa 50 hadi 55 kwa kilo moja ya haidrojeni, kwa hiyo tani moja ya chuma inakula kilowati-saa 2,700 hadi 3,000 kabla hujaanza kuyeyusha chochote. Kiwanda cha tani milioni moja kwa mwaka kitahitaji zaidi ya megawati 300 za umeme usiokatika, mchana na usiku, kwa ajili ya haidrojeni tu. Nambari hizi zinakuonyesha kwa nini bei ya umeme inaamua kiwanda kijengwe wapi, na kwa nini kuna utafiti mwingi wa kuendesha mitambo hii pale umeme wa upepo unapopanda na kushuka.

Chagua swali lenye mwiba

Kinachofuata ndicho kiini cha maombi yako, kwa hiyo kipe muda. Haya ni maswali ambayo bado yanawasumbua wanaofanya kazi hii, na kila moja linabeba tasnifu.

Shaba kwenye chuma chakavu. Nyaya na mota ndogo za magari huingia tanuruni pamoja na skrepa, yaani hicho chuma chakavu. Shaba haiungui kabla ya chuma, kwa hiyo huwezi kuitoa kwa kupuliza oksijeni kama unavyotoa kaboni au silikoni. Inabaki, na kila mzunguko wa kuyeyusha upya huiongeza. Madhara yake hujitokeza baadaye, chuma kinapopashwa tena kabla ya kubanwa kuwa bamba. Chuma cha juu ya uso hugeuka magamba ya oksidi, shaba iliyokuwamo haigeuki, inajikusanya chini ya magamba, inayeyuka kwenye nyuzi 1,085 na kupenya kwenye mipaka ya chembe. Bamba likibanwa, uso unapasuka nyufa. Bati huzidisha tatizo, nikeli hulipunguza. Nondo huvumilia shaba mara kadhaa zaidi ya bamba jembamba la bodi ya gari. Hapa mwenye nia ya metalojia, yaani sayansi ya metali, anaweza kuuliza kiasi gani kinavumilika katika aina fulani ya feleji, na mwenye nia ya kompyuta anaweza kuuliza namna ya kuitambua shaba kwa kamera na vihisi kabla skrepa haijaingia tanuruni.

Haidrojeni hula joto. Kaboni monoksidi ikiondoa oksijeni kwenye jiwe hutoa joto kidogo. Haidrojeni huhitaji joto liletwe kutoka nje. Vidonge navyo hugandana vikizidi joto, na tanuru likaziba. Kati ya kupoa na kugandana kuna nafasi nyembamba, na bado kuna mengi ya kujua kuihusu kwa aina mbalimbali za mawe.

Chuma sponji kisicho na kaboni. Cha gesi asilia huja na kaboni, ambayo hutoa mapovu kwenye slagi, ile takataka inayoelea juu ya chuma kilichoyeyuka. Povu hilo hufunika tao la umeme, yaani cheche kubwa inayoyeyusha chuma, hulinda kuta za tanuru na huzuia naitrojeni kuingia. Cha haidrojeni hakina kaboni. Povu litatoka wapi? Swali ni fupi, lakini watu wanaajiriwa kulijibu.

Mawe duni. Tanuru la makaa huvumilia mawe yenye uchafu mwingi, lakini njia ya chuma sponji na tanuru la umeme hupendelea mawe yenye chuma cha takriban asilimia 67. Mawe ya namna hiyo hayatoshi. Fosforasi na mchanga vinavyobaki huongeza slagi, na slagi nyingi hula umeme na kuondoka na chuma.

Chagua moja. Ukiandika kwamba unataka kushughulikia yote manne, msomaji atajua hujaingia ndani ya lolote.

Mahali pa kutafuta

Vituo vyenye historia ndefu ya feleji ndivyo vyenye matanuru ya majaribio na uhusiano na viwanda. Tazama Swansea, Warwick na Sheffield kule Uingereza, KTH na Luleå Uswidi, Oulu Finland, RWTH Aachen na taasisi ya Max Planck ya Düsseldorf Ujerumani, Leoben Austria, Wollongong Australia, McMaster Kanada. Fungua kurasa za makundi ya utafiti yenyewe, kwa sababu tangazo mara nyingi hutokea hapo mapema kuliko kwenye tovuti kubwa za kazi. Soma pia majina ya waandishi kwenye makala za majarida kama ISIJ International na Ironmaking & Steelmaking; anayeandika kuhusu swali lako ndiye msimamizi wako mtarajiwa.

Soma kifungu cha pesa neno kwa neno

Maneno "ufadhili kamili" hayana maana moja duniani.

Nchini Uingereza posho hutolewa kama ruzuku isiyokatwa kodi. Kima cha chini cha UKRI, taasisi ya umma inayofadhili utafiti nchini humo, kwa mwaka wa masomo 2025/26 kilikuwa pauni 20,780. Lakini nafasi nyingi hulipa ada ya kiwango cha wenyeji tu, na mwanafunzi wa kutoka nje akadaiwa tofauti, ambayo kwa masomo ya uhandisi ni maelfu mengi ya pauni kila mwaka. Kwa nafasi zinazolipwa na UKRI chuo hakiruhusiwi kumtoza mwanafunzi tofauti hiyo, ila idadi ya wanaotoka nje imewekewa kikomo cha asilimia 30. Nafasi ya kampuni au ya chuo chenyewe haifungwi na kanuni hiyo. Uliza kwa maandishi: "Je, ada ya mwanafunzi wa kimataifa imelipwa yote kwa miaka yote?" Usikubali jibu la simu.

Uswidi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara, kodi na likizo. Ujerumani pia wengi huwa na mkataba wa kazi. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya ina sharti linalowaangusha watu wenye sifa nzuri kabisa: usiwe umeishi au kufanya shughuli yako kuu katika nchi husika kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Aliyemaliza shahada ya umahiri ya miaka miwili kwenye nchi hiyohiyo anaweza kuwa amejifungia mlango.

Angalia pia muda. Posho ya miaka 3 kwenye mradi unaohitaji kujenga mtambo mpya wa majaribio ni dalili mbaya, kwa sababu mwaka wa kwanza unaweza kuisha ukisubiri mabomba na vibali vya usalama. Miaka 3 na nusu au 4 inatosha kwa kazi ya namna hiyo.

Barua pepe ya kwanza

Mistari kumi na miwili inatosha. Usianze kwa kueleza utoto wako wala kumsifu profesa. Kichwa cha barua kitaje swali na mwaka wa kuanza. Mwili uwe hivi, kwa lugha ya chuo husika:

"Nimesoma makala yenu kuhusu kugandana kwa vidonge katika haidrojeni. Mlipima kwa joto lisilobadilika. Ningependa kujua kama matokeo yanabaki yaleyale mtiririko wa gesi unapopungua kwa saa kadhaa, kama itakavyotokea umeme wa upepo ukishuka. Kwenye shahada yangu ya umahiri nilipima kasi ya kuondoa oksijeni kwa mizani ya joto, na ninaandika programu kwa Python. Je, mna nafasi yenye ufadhili kuanzia Septemba, au ombi la ruzuku ambalo ningeweza kushiriki kuliandaa?"

Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na matokeo yako ya masomo katika faili moja ya PDF. Usipojibiwa ndani ya siku kumi za kazi, kumbusha mara moja kwa mistari miwili, kisha endelea na mwingine. Usitume barua moja kwa wasimamizi watano wa idara moja. Wanakaa meza moja ya chai, na watajua.

Andiko la utafiti: kurasa mbili zinazothibitisha unajua yanayoharibika

Swali, kinachojulikana, pengo, mbinu, ratiba: hayo kila mwongozo unayataja. Kinacholitofautisha andiko zuri ni aya ya mambo yanayoweza kwenda kombo na jinsi utakavyoyagundua.

Chukua kazi ya maabara. Unapima kasi ya haidrojeni kuondoa oksijeni kwenye kidonge kwa mizani inayorekodi uzito ndani ya tanuru dogo. Kosa la kawaida ni gesi kupita polepole mno. Mvuke wa maji unaotokana na mmenyuko unabaki umekizunguka kidonge, mmenyuko unapungua, na mtafiti anaandika kasi ya mmenyuko wakati kwa kweli amepima kasi ya gesi. Dawa yake ni kuongeza mtiririko hatua kwa hatua hadi kasi iache kubadilika, kisha kufanya majaribio yote juu ya kiwango hicho. Ukiweka sentensi hiyo kwenye andiko, mtu yeyote aliyewahi kugusa kifaa hicho atakuamini. Ongeza mbili za usalama: haidrojeni ikichanganyika na hewa huweza kuwaka kuanzia asilimia 4 hadi 75, kwa hiyo tanuru husafishwa kwa naitrojeni au agoni kabla na baada, na chuma kilichotoka kuondolewa oksijeni kina vinyweleo vingi, hivyo kipoe ndani ya gesi hiyo kabla ya kufungua, la sivyo kitashika oksijeni upya na huenda kikawaka.

Kazi ya data ina mitego yake, na hapa ndipo waombaji wa kompyuta wanapoteleza. Tuseme unataka kukisia joto la chuma mwishoni mwa kila mkupuo wa kuyeyusha. Tanuru linarekodi kila sekunde, kwa hiyo una mamilioni ya mistari. Ukiichanganya yote na kuigawa kwa bahati nasibu kati ya kufundishia na kupimia, sekunde za mkupuo mmoja zitakuwa pande zote mbili, na modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na data hiyo, itaonekana bora ajabu. Ukiipeleka kiwandani mwezi unaofuata, inafeli. Gawa kwa mkupuo, tena kwa tarehe: fundisha kwa miezi ya mwanzo, pima kwa miezi ya mwisho, ambako kuta za tanuru zimechakaa na muuza skrepa amebadilika.

Kagua pia kila safu ya data kwa kuuliza ilijulikana lini. Majibu ya sampuli kutoka maabara huandikwa kwa saa sampuli ilipochukuliwa, lakini opareta huyapata dakika kadhaa baadaye. Modeli inayoyatumia mapema inaona kesho. Halafu kuna upendeleo usioonekana. Joto hupimwa kwa kuchovya kipimo kinachotumika mara moja, na opareta huchovya pale anapohisi chuma kiko tayari. Data yako basi imejaa vipimo vya karibu na lengo na ina vichache vya mbali nalo, na huko mbali ndiko modeli inakohitajika zaidi.

Mwisho, linganisha modeli yako na kitu rahisi: mlingano wa nishati ulioandikwa kwa mkono, au mstari mnyoofu. Mtandao wa neva, aina ya akili mnemba, unaoshinda kwa nyuzi 2 wakati kipimo chenyewe kina kosa la nyuzi kadhaa haujashinda kitu.

Kwenye ratiba, weka mpango wa pili wa data. Viwanda huchelewa kuitoa kwa sababu za usiri, na matanuru husimama kwa matengenezo. Sema utaanza na nini wakati unasubiri.

Usaili

Dakika 10 za kuwasilisha, 30 za maswali ni mpangilio wa kawaida. Jiandae kuchora ule mchoro wa kiwanda bila karatasi. Jiandae pia kutetea uchaguzi wako: kwa nini haidrojeni na si kunasa kaboni dioksidi kwenye tanuru la makaa? Kwa nini tusiyeyushe skrepa tu? Jibu la hili la pili ni la hesabu. Skrepa iliyopo leo ni ya majengo na magari ya miaka ya nyuma, wakati dunia ilipozalisha kidogo, kwa hiyo haitoshelezi mahitaji ya sasa, na shaba inazuia isitumike kwa kila bidhaa.

Wakiuliza usichokijua, eleza ungepima nini ili kujua. Kamati inatafuta namna unavyofikiri, na kubahatisha kwa kujiamini mbele ya mtu aliyesimama miaka mingi kando ya tanuru huonekana mara moja. Nawe uliza: data ipo tayari au bado inaombwa? Kifaa kikuu kinatumiwa na watu wangapi? Waliotangulia walimaliza kwa miaka mingapi?

Kabla ya kutia saini

Mkataba wenye kampuni ndani yake huwa na vifungu vitatu vya kusoma kwa makini.

Cha kwanza ni uchapishaji. Kampuni kukagua makala kwa siku 30 ni jambo la kawaida. Haki ya kuizuia bila kikomo ni hatari, kwa sababu unahitaji tasnifu inayosomeka na makala zenye jina lako. Cha pili ni umiliki wa ugunduzi na wa programu utakayoandika.

Cha tatu ni kampuni ikibadilisha mwelekeo, na hili hutokea. Tata Steel ilifunga matanuru yake mawili ya makaa ya Port Talbot, Wales, mwaka 2024 ili kupisha tanuru la umeme. ArcelorMittal ilitangaza Juni 2025 kwamba haitaendelea na mipango yake ya chuma sponji huko Bremen na Eisenhüttenstadt. Uliza chuo, kwa maandishi, nani atalipa posho mfadhili akijitoa na kama mada inaweza kuhamishwa.

Ukienda Uingereza, raia wa nchi nyingi huhitaji kibali cha ATAS, kibali cha serikali kwa masomo ya teknolojia nyeti, kwa masomo ya metalojia na sayansi ya vifaa (materials) kabla ya kuomba viza, na huchukua wiki kadhaa. Fomu yake huomba maelezo ya utafiti kutoka kwa msimamizi, kwa hiyo mwombe maelezo hayo siku ileile unapokubali nafasi.